Mwanzi Ukiachwa Upone

Mgema wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, kijijini Mahongole ana vidole vinavyonata utamu, na huongea na mianzi yake kama mtu anayeamsha watoto. Asubuhi na jioni hukata upya ncha ya kila mwanzi mchanga, kipande chembamba kama ganda la kitunguu, utomvu uchuruzike kikombeni. Kabla ya kukata hutaja jina moja, Yoeli. Ndiye mwanawe, aliyekwenda manamba Tanga kukata mkonge, na tangu hapo kimya.

Anania, mzee wa kanisa, alimfuata huko huko mianzini.

"Baba Yoeli, Jumapili tusimtaje tena kijana kwenye sala ya wasafiri. Kila tukimtaja unalia. Acha kidonda kipone."

Mgema akapitisha kisu. Tone likachungulia, likaning'inia, likadondoka.

"Mwanzi nikiuacha upone, hautoi kitu tena. Nadhani ndivyo Mungu anavyonifanya na mimi."

Anania akatazama matone yakifuatana kikombeni.

"Haya, nitamtaja."

"Umtaje kwa sauti, ndugu yangu. Tanga ni mbali."