Michembe ya Mahabusu

Nakumbuka mwaka tuliokula michembe asubuhi, mchana na jioni, kwa kuwa mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini tu. Viazi vile vya kukaushwa juani ndivyo vilivyotubakiza hai huku Mwamapalala. Mwaka huo ndio niliofungwa, mwanangu. Usicheke. Bibi yako huyu wa meno ya kuhesabu aliwahi kuogopwa na serikali.

Mfumo wa vyama vingi ulikuwa bado mchanga. Wageni wa chama kingine walikuja kuhutubia, wanawake tukawapikia michembe kwa karanga, tukala nao. Mgeni analishwa, hata maneno yake usipoyapenda. Polisi walipofika kuvunja mkutano, wenzangu walikimbia. Mimi nilikuwa na mimba kubwa, nikakutwa na mwiko mkononi.

Huko mahabusu Bariadi, mkubwa wao, tumbo lake likishindana na langu, alitaka jambo moja.

"Taja waliopika na kula nawe, ukazalie kwako."

"Niliyekula naye simtaji."

Basi nikabaki. Kufunga mdomo kulikuwa rahisi. Hasira ndiyo iliyonila. Mama mkwe akiniletea michembe, nilikula nimegeukia ukuta, natafuna kama nawatafuna wao. Ngolo, mama mtu mzima aliyefungiwa nami kwa kupika pombe ya gongo, akanifokea.

"We mama kijacho! Mlango wamekufungia wao, adabu kakufungia nani? Kwenu mnakula mmewapa watu mgongo?"

"Hawa si watu, mama."

"Ukishasema hivyo wamekumaliza. Geuka!"

Nikageuka. Toka hapo kila nikifungua kapu nilikaribisha wote, hata askari wa mlangoni, kijana wa Kasoli: "Karibu tule, kaka." Alinikazia macho. Wenzangu wa mahabusu wakanizomea, "Mpakulie na mchuzi!" Nikamkaribisha tena kesho yake, na kesho yake. Siku moja akatazama huku na huku, akachukua kipande.

"Mama yangu anapika hivi hivi," akasema.

Mkubwa akapata habari, akaja anahema.

"Kuna askari wangu anakula nanyi. Mtaje, sasa hivi unaenda kwako."

Kijana alikuwa amesimama pale pale, jasho linamtiririka. Mtoto akanipiga teke tumboni. Nilitamani kitanda changu, mwanangu, nisikudanganye.

"Niliyekula naye simtaji."

Nikajifungulia mle mle. Ngolo ndiye aliyempokea mtoto, na yule kijana ndiye aliyekimbia kuleta maji ya moto. Haukupita muda wakaniachia. Nadhani kelele za mtoto ziliwashinda. Ndiye mama yako mdogo, na kelele anazo mpaka leo.

Sasa wewe umetoka rumande kwa dhamana, unajifungia chumbani na sahani yako. Jumatatu unaripoti tena polisi, watakuuliza mlikuwa na nani siku uliyokamatwa. Toka humo, uje ule na sisi. Huko ukifika, msalimie askari, "Mwangaluka," kama unavyomsalimia jirani asubuhi, umuulize na habari za kwao. Wakikunyima uhuru, utu wako usiwaongezee bure. Ukiulizwa majina, kichwa juu.

Mungu akutangulie, akurudishe na moyo laini na shingo ngumu. Jibu usihangaike kulitafuta, liko jikoni kwa bibi yako miaka yote hii, limekauka vizuri, halijaoza:

"Niliyekula naye simtaji."