Siku Mama Alipoulizwa Maoni

Mama yangu aliishi London miaka minne, na katika miaka yote hiyo aliombwa maoni yake mara moja tu. Madaktari siwahesabu, maana daktari anauliza panapouma, basi. Nasema maoni: mtu abishe hodi, akae, atake kujua yeye anaonaje mambo ya dunia. Siku hiyo mkalimani nilikuwa mimi, na niliiharibu.

Tulikuwa tunakaa Tottenham, ghorofa ya sita, kwenye nyumba za halmashauri, mimi, binti yangu na mama. Nilimleta baada ya baba kufariki na shamba kukataa. Mahindi ya mwisho aliyoyapanda yalimfika magotini yakakauka hapo hapo, na msimu uliofuata mvua haikuonekana kabisa. Kwao Upareni alikuwa kwenye kamati ya ndiva, yaani lile bwawa dogo linalokinga maji ya mlimani hadi yajae, ndipo yafunguliwe kuingia mferejini kwa zamu. Alikuwa mwanamke pekee kwenye kamati ile, na hakuwa na dogo. Wanaume waliokuwa wakiiba zamu za maji walikuwa wakimpisha njiani.

London ilimnyamazisha. Kiingereza hakujua, na watu wa kuongea nao walikuwa mimi, ambaye nashinda wodini nikigeuza wagonjwa, na binti yangu, ambaye anaelewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Jumapili tulikuwa tunampeleka kwenye ibada ya Kiswahili, anasalimiana na watu, anacheka, kisha tunarudi na anakaa tena dirishani. Nilijiambia amezoea. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Barua ilipokuja niliisoma nimesimama, nikaiweka nyuma ya mikrowevu. Ilisema kuna utafiti unafanywa kwenye miji kadhaa ya Ulaya, wanataka kujua watu wa kawaida wanaonaje hatua za kupambana na mabadiliko ya tabianchi: kutoza magari yanayotoa moshi, kuondoa gesi ya kupikia na kupashia nyumba joto, kodi ya tiketi za ndege, na je, hatua hizo ni za haki, na zinasaidia? Walitaka hasa wazee na watu wasiojua Kiingereza, na ukikubali wanamtuma mtu aje nyumbani kuuliza.

Mama akauliza ile barua ni ya nini. Nikamweleza juu juu, nikitegemea atasema achana nayo.

"Aje," akasema.

Nikapiga simu, tukapangiwa Jumamosi. Kwa siku mbili hakunipa nafasi ya kupumua. Katika jengo letu wenye magari ni wangapi? Hizi ndege zinazopita juu yetu kila dakika, ndani yake kuna akina nani, na wanakwenda kufanya nini? Hapa moto wa nyumba unawashwa kuanzia mwezi gani? Hao wenye nyumba zenye bustani wanawasha vyumba vingapi, na wanalala vingapi? Nilikuwa nikimjibu huku natafuta soksi zangu za kazini. Leo ndiyo naelewa kwamba alikuwa anajiandaa kwa kikao.

Mgeni alikuja Jumamosi asubuhi. Alikuwa mwanamke wa Kizungu wa makamo, mpole, viatu vimelowa, kitambulisho kikining'inia shingoni. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kitenge la Pasaka na amekaanga maandazi yaliyojaa sinia. Mgeni akala moja, akasifia, akala la pili. Kisha akafungua tableti yake na kuanza.

Maswali ya mwanzo yalikwenda vizuri. Unakubali sana, unakubali, upo katikati, unapinga, unapinga sana. Magari yenye moshi yatozwe? Mama akakubali. Gesi iondolewe kwenye majengo? Akauliza itaondolewa majira gani, nikamwambia mgeni anakubali. Hilo lilikuwa dogo. Halafu likaja swali lisilokuwa na visanduku: mzigo wa haya yote aubebe nani, ili iwe haki?

Mama akafunga upya kilemba chake. Akakaa mbele kidogo kwenye kochi, akamtazama yule mwanamke, mimi hakunitazama kabisa, akaanza.

Alisema kwao mfereji ukiziba, wa kwanza kushika jembe ni yule aliye juu, kwa sababu ndiye aliyekunywa kwanza na ndiye aliyekunywa sana. Na mkutano wa maji ukikaa, wa kwanza kuulizwa ni yule wa chini kabisa, kwa sababu maji yakipungua ndiye anayejua kabla ya wote. Akasema, "Mwambie, nyinyi mko juu ya mfereji. Sisi tulipikia mafiga matatu maisha yetu yote, na mvua ndiyo imetukimbia sisi. Mimi nimekuja huku kwa ajili hiyo, sikuja kutembea. Sasa nimefika, mnaniuliza kama niko tayari kuzima jiko. Niko tayari. Lakini nimwone kwanza aliye juu ameshika jembe. Na jengo hili lina wazee, wasije kutuzimia moto wakati wa baridi kisha wakatuambia ni kwa faida ya dunia. Na huyu mgeni, muulize kwa heshima, yeye mwenyewe amepanda ndege mara ngapi mwaka huu?"

Aliongea muda mrefu kuliko nilivyoandika hapa. Sikuwa nimewahi kumsikia akiongea hivyo tangu aje. Uso ulikuwa wa yule mama wa kwenye kamati, na mimi, badala ya kufurahi, nilikuwa natokwa jasho.

Nitasema ukweli wa kilichonipata. Kwanza zamu yangu ilikuwa inaanza saa saba na nilikuwa nimechelewa. Lakini hiyo ni sababu ya kuwaambia watu. Sababu yenyewe ni kwamba karatasi za mama za kuishi nchini zilikuwa zimetoka mwaka uliotangulia tu, baada ya kuhangaika sana na mawakili, na mimi bado nilikuwa namwogopa kila mtu mwenye kitambulisho shingoni. Sisi tulivyolelewa, mgeni hasutwi ukiwa umemkalisha kwenye kochi lako, na mtu wa serikali, hata kama si wa serikali, anaambiwa tunashukuru. Kumuuliza mgeni habari za safari zake niliona ni aibu. Basi nikameza yote.

Nikamwambia mgeni, "Anasema anakubaliana na hatua zote, na kwamba kila mtu abebe sehemu yake."

Yule mwanamke akasita, kidole kikiwa juu ya tableti. "Ni hayo tu? Ameongea kwa kirefu."

"Lugha yetu ni ndefu," nikasema, nikacheka.

Binti yangu alikuwa mlangoni pa jikoni. Akasema kwa Kiingereza, si kwa sauti kubwa, "Mama, Bibi hakusema hivyo." Nikamkata jicho hadi akarudi jikoni. Mgeni akanitazama mimi, akamtazama mama, akaandika.

Mama alikuwa ameridhika, anatabasamu. Akaniambia, "Muulize atarudi lini na majibu." Kwao mtu akichukua neno lako kulipeleka kikaoni lazima arudi kukuambia limepokelewaje, hata kama limekataliwa.

Nikamwambia mgeni, "Anashukuru sana kwa kuja." Nikamwambia mama, "Amesema watatuletea."

Miezi iliyofuata mama alibadilika, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Alichangamka. Kanisani aliwaambia wenzake, "Mimi yangu nimeshasema, nasubiri jibu." Tukiwa kwenye basi, gari kubwa likipita na mtu mmoja ndani, ananigusa begani: "Huyu nilimtaja." Kengele ya mlango ikilia anaweka sawa kilemba kabla hajajua ni nani. Mara nyingi ilikuwa mizigo ya jirani. Nilikuwa nageuka dirishani nijitie hamnazo.

Muhtasari wa utafiti ulikuja kwa posta mwanzoni mwa baridi, nikiwa kazini. Mama aliona nembo ile ile ya barua ya kwanza, akampa mjukuu wake amsomee. Binti yangu akasoma, akatafsiri kwa Kiswahili chake cha kuvunjika vunjika. Ilisemwa humo kwamba wakazi wasiozungumza Kiingereza waliohojiwa mtaani kwetu waliziunga mkono hatua kwa ujumla na hawakuwa na maoni ya ziada. Mama akamwambia arudie. Akarudia. Kisha akamuuliza, "Mama yako alimwambia nini yule mgeni siku ile?" na mtoto akamwambia. Simlaumu. Katika nyumba ile yeye peke yake ndiye aliyetafsiri sawasawa.

Niliporudi nilimkuta mama kwenye kochi, koti limo mwilini, hakuwa ametoka wala hatoki.

"Ulimwambia niliyoyasema?"

"Mama, siku ile nilikuwa nachelewa kazini."

"Sijakuuliza saa."

Nikakaa chini, kwenye zulia, kama nilivyokuwa nakaa nikiwa mdogo nimekosea. "Sikumwambia."

Nilitamani anigombeze, mama yangu alikuwa hodari wa kugombeza. Akasema taratibu, "Kwa hiyo amekaa hapa, amekula maandazi yangu, akaondoka anajua sina la kusema."

"Hapana, mama..."

"Kule kwetu kikaoni hata mlevi tulimsubiri amalize."

Nikamwomba msamaha. Nilimwambia nitamwandikia yule mwanamke, nitamweleza yote, na kweli nikachukua kalamu na karatasi nikakaa mezani. "Haya mama, sema, naandika neno kwa neno."

"Andika unavyotaka," akasema. "Si ndivyo unavyofanya."

Tangu siku hiyo hakunigombeza, hakuninunia, alinisalimia vizuri kila asubuhi. Ila kila nilichomuuliza jibu lilikuwa moja. Nipike wali au ugali? Amua wewe. Tufungue dirisha? Amua wewe. Twende kanisani au umechoka? Wewe ndiye unayejua la kusema. Nilijaribu kumchokoza kwa habari za mafuriko, za wakulima wa Ulaya walioandamana na matrekta, za majirani waliogombana kuhusu kuondolewa gesi, mambo ambayo zamani yangemfanya aache chakula abishane. Alisikiliza hadi mwisho, akasema sawa.

Moyo ulianza kumsumbua kabla ya Pasaka. Hospitalini daktari aliniomba nimuulize kama angependa afanyiwe upasuaji au apewe dawa tu apumzike. Nilimtafsiria kila neno, hata la kutisha, sikuacha hata moja. Akamwonyesha daktari mimi kwa kidole. Daktari akadhani ni mapenzi, akanitabasamia. Nikachagua dawa.

Wiki zile za mwisho nilimuuliza mara mbili, nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda chake, kama Mungu akimchukua angependa alale wapi. Tulikuwa na jambo hilo la kuamua, kila familia ya kwetu hapa inalo: wengine huzikwa huku karibu na watoto, wengine hurudishwa. Mara zote mbili alinipapasa kichwani. Amua wewe, mwanangu.

Alifariki Jumanne mchana. Jioni ile sebule ilijaa watu wa umoja wetu, ule wa watu wa nyumbani tunaoishi London, na wa kanisani, hadi wengine walikaa kwenye ngazi. Kaka yangu alikuwa kwenye simu kutoka Same, sauti imewekwa wazi. Mwenyekiti wa umoja akasubiri sala iishe, akageukia upande wangu kwa upole wote.

"Dada, pole sana. Hapa hakuna atakayeamua juu ya mama. Wewe ndiye uliyekuwa naye, wewe ndiye uliyekuwa kinywa chake mji huu. Tuambie, aliacha kauli gani? Alitaka azikwe wapi?"

Kule kwenye simu nikamsikia kaka yangu anapumua.

Nikasimama. Nikawaambia mama alisema arudishwe nyumbani, alazwe kando ya baba, chini ya mfereji, mahali ambapo maji yakija atayasikia. Kaka yangu akaanza kulia. Wanawake wakaitikia amina, mmoja akasema hayo kweli ni maneno ya mama, unamsikia kabisa. Niliyatunga pale pale, nikiwa nimesimama.