Kupima Breki na Watu Ndani

Jumatano hiyo gari lilikuwa na shida mbili, nami nilikuwa na siku moja tu ya kuzitengeneza. Mke wa jirani yangu hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale alikuwa na mimba ya mapacha, mtoto mmoja amelala vibaya, na kituo cha afya kilimwambia awe Mbarara Alhamisi asubuhi apasuliwe huko. Ambulensi ni ya mama aliyeshikwa na uchungu, na yeye alikuwa hajashikwa. Hiyo ni haki, sina neno. Mume wake akaja kwangu. Kama ningekataa, wangepanda pikipiki, na mimba ile, katika barabara ile ya vumbi na mashimo.

Nilikubali haraka kuliko nilivyopaswa. Gari ninaloendesha ni dogo na la zamani, mali ya Hajati mmoja anayeuza vitenge Mbarara. Shida ya kwanza niliijua: likipanda mlima, mshale wa joto unapanda nalo. Ya pili sikuweza kuieleza. Ni mguu tu uliokuwa na wasiwasi juu ya breki. Mara nyingine wasiwasi wangu ni wa bure, mke wangu anajua, kwa hiyo siuamini sana.

Asubuhi nikalipeleka gereji Mbarara. Fundi ni Mnyankore, mtu wa mzaha, Kiswahili chake alijifunza jeshini. Akawasha injini, akaiacha iungurume bila kwenda popote, tukasimama mbele ya boneti tunaangalia feni ya rejeta kama watu wanaongoja mgonjwa aamke. Mshale ukafika katikati, ukapita. Feni kimya.

"Sebo, hii feni nalala kabisa," akasema. Sebo kwao ni bwana.

Feni yenyewe ilikuwa nzima. Kilichokufa ni kile kidude kinachopima joto la maji na kuiambia feni izunguke. Cha kubadilisha hakikuwepo siku hiyo. Akavuta waya mpaka ndani, karibu na usukani, akaweka swichi.

"Sasa wewe ndio kichwa ya feni. Naona joto, nawasha. Nasahau, nachemka."

Akawasha. Feni ikazunguka kwa kelele. Nikafurahi, lakini yeye akachukua kipande cha gazeti akakiweka mbele ya rejeta, na kipande kikaruka kikaanguka chini. Akacheka mwenyewe.

"Angalia! Napuliza kama mzee na chai moto! Mimi nimegeuza waya."

Feni inatakiwa kuvuta hewa ndani, siyo kuisukuma nje. Akabadilisha nyaya mbili, akarudisha kipande cha gazeti, kikanata kwenye rejeta kama kimegandishwa. Namwandika hivi ili ieleweke kwamba alikosea na akajisahihisha bila kuambiwa na mtu, maana nitalazimika kumtaja tena.

Kuhusu breki, nilimwambia nikiwa tayari nimeshika mlango niondoke. Alikanyaga pedeli mara kadhaa, akaangalia oili yake, akasema iko sawa.

Njiani kurudi nilifunga breki kila palipokuwa na nafasi. Gari lilisimama vizuri. Nilikaribia kutulia. Kisha nikawaza: sasa niko peke yangu. Kesho nitabeba watu, na watu wanaokwenda hospitali Mbarara hawaendi mikono mitupu. Kuna godoro, beseni, jiko, makaa, unga, maana anayelala wodini hupikiwa na watu wake. Breki inayosimamisha dereva mmoja nimeipima kwa uzito gani?

Nilipofika nikamwambia jirani yangu, "Nitafutie watu. Wazito."

Alidhani namtania. Lakini akaja na mama mkwe wake, ambaye naye angekwenda kumhudumia binti yake, na katekista wa kanisa letu, mtu mwenye mwili. Katekista akaingia nyuma, gari likainama.

"Mimi nihesabu wawili," akasema.

"Watatu, ukihesabu na tumbo," mama mkwe akamjibu, "na hilo tumbo halijapewa tarehe ya kupasuliwa."

Tulikwenda kwenye uwanja ulio kando ya soko, pale minada ya ng'ombe hufanyika, na siku hiyo hapakuwa na mnada. Mke wa jirani alikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba ya dada yake, ng'ambo tu ya uwanja, anatuangalia. Nikakimbiza gari, nikafunga breki. Likasimama. Nikarudia kwa kasi zaidi. Safari hiyo pua ya gari ikavuta kushoto, usukani ukaniponyoka kidogo, tukasimama mbele ya mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi.

"Yezu Mariya!" katekista akalia.

Mama mkwe akamtazama mbuzi, akanitazama mimi. "Afadhali limekuvuta leo."

Mume alikuwa kiti cha mbele, karibu nami. Alishuka, akaangalia alama za matairi kwenye vumbi, zilivyopinda. Halafu akasema polepole, "Basi tutapanda pikipiki. Usijilaumu, ndugu yangu."

Nikamwomba anipe muda mpaka jua lishuke.

Fundi wa hapa kambini ni Mkongomani, ana kibanda cha turubai nyuma ya soko. Alipandisha gari kwa jeki, akafungua magurudumu ya mbele, akaniita.

"Papa, kuya uone wewe mwenyewe. Hii diski ya kushoto inang'ara sawa sahani. Hii ya kuume iko na kutu. Fere ya kuume haikamatake muzuri."

Fere kwake ni breki. Misumari miwili ambayo kifaa cha kubana diski huteleza juu yake ilikuwa imeshikwa na kutu na matope. Upande wa kulia ulibana kidogo, wa kushoto ukabeba kazi yote. Gari likiwa tupu, kushoto kunatosha. Likijaa, linavuta.

Nilimpigia simu fundi wa Mbarara. Sikumpigia kwa hasira, au labda kidogo. Akasikiliza, akasema, "Sebo, wewe nakuja na feni. Breki nilikanyaga, nikaona iko. Gurudumu mimi sikufungua." Hilo ni kweli. Sikumwomba afungue gurudumu. Yeye pia hakuniambia kwamba hakufungua. Nimeligeuza jambo hili mara nyingi na bado naona limegawanyika katikati.

Mkongomani alipokuwa anasugua misumari kwa msasa aliniuliza, bila kuniangalia, "Mulima munashukaka na nyutro?"

"Wote tunashuka hivyo." Na ni wote, madereva wa njia hii. Ukifika juu unatoa gea, gari linajiendea lenyewe, petroli inabaki. Anayeshuka na gea tunamcheka kwamba anaendesha harusi.

"Njo ile. Mulima yote inabebwa na fere peke yake. Inapata moto mingi."

Nikamuuliza kama nyutro ndiyo iliyoleta kutu. Akafikiri. "Hapana. Kutu ni matope. Lakini kama upande moja tu njo unafanya kazi, na unashuka na nyutro, siku moja hata ule moja utakatala." Nilishukuru kwamba hakunibebesha kosa lisilo langu, ingawa alilolisema lilinitosha.

Akapaka grisi, akafunga. Tukarudi uwanjani na watu wale wale. Katekista alipiga ishara ya msalaba mara hii kabla ya kuingia. Nilifunga breki taratibu, kisha kwa nguvu, kisha kwa nguvu zote. Alama kwenye vumbi zilinyooka. Nilishuka nikaweka kiganja karibu na kila gurudumu la mbele kusikia joto. Yalilingana, au yalikaribiana. La kulia huenda lilikuwa na joto pungufu kidogo, sikuwa na hakika, jua lilikuwa upande wa pili.

Mume alisema tumuulize mwenyewe. Tukavuka uwanja. Mke wake hakuwa ameinuka kwenye kiti.

"Umeridhika?" akaniuliza.

"Nimeridhika kiasi."

"Kiasi gani?"

Sikuwa na kipimo. Nikasema, "Kiasi cha kumpakia mke wangu mwenyewe."

"Basi na yeye aje."

Mama mkwe akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilikwenda nyumbani nikamweleza mke wangu yote, pamoja na mbuzi. Akauliza tunaondoka saa ngapi.

Asubuhi tulipakia godoro juu, vyombo nyuma. Mke wangu alikaa mahali pa katekista, na naamini uzito ulipungua. Kwenye mlima niliwasha feni kabla mshale haujainuka. Tulipofika juu sikutoa gea. Niliweka ya pili, injini ikaunguruma mteremko mzima, na dereva mmoja akatupita akipiga honi na kunipungia mkono kama bwana harusi.

"Gari linalia," mume akasema.

"Acha lilie," mkewe akamwambia, amefumba macho.

Karibu na mwisho wa mteremko ng'ombe wenye pembe ndefu walitoka migombani wakaingia barabarani. Nikakanyaga. Gari likasimama limenyooka, ng'ombe wakapita bila haraka, mchungaji wao hakutuangalia hata mara moja. Pengine lingesimama hata jana, kabla ya kutengenezwa. Polepole kama nilivyokuwa nikienda, pengine.

Tuliwaacha hospitali, wakampokea. Mimi na mke wangu tukageuza kurudi. Gari lilikuwa jepesi, tukawa tunaongea sana, kwa sababu ya woga uliokwisha. Nadhani ndiyo maana katikati ya mlima tukaona mvuke unatoka chini ya boneti. Swichi ya feni nilikuwa sijaiwasha.

Tukakaa kwenye majani kando ya barabara. Mke wangu hakunisema. Simu ikaita, akaipokea yeye, akasikiliza, akasimama.

"Wasichana!" akapiga kelele. "Wote wawili! Na mama yao anaongea!"

Alicheza barabarani peke yake, lori likampigia honi, akalipungia. Nami nikaweka mkono juu ya boneti. Ilikuwa bado ya moto mno kufunguliwa, tukangoja.