Muhuri wa Mzee Kuramochi

Umewahi kuuza mlima kabla ya kunywa chai? Mzee Kuramochi Tokuji aliuza, na hakulipwa hata yeni moja.

Miaka thelathini alitunza kihekalu cha mawe kileleni, juu ya mlima wa chokaa unaoutazama mji wao. Kampuni ya saruji ilikuwa imekwisha kukikata kilele mara mbili. Kila mara kihekalu kilishushwa kwa heshima zote, na kibao cha urefu wa mlima kikapakwa rangi upya. Kila siku saa tano u nusu asubuhi baruti ilipolia, akina mama waliinjika wali. Dukani ziliuzwa biskuti zenye umbo la kilele cha zamani, kilichochongoka vizuri.

Wiki iliyopita ubao wa matangazo, unaopitishwa nyumba kwa nyumba, ulianzia kwake, kama kawaida: siku za taka, ngoma za kiangazi, na chini kabisa karatasi ya tatu. Tokuji aligonga muhuri wa jina lake bila kusoma, akaupeleka kwa jirani pamoja na figili mbili. Kukaa na ubao ni utovu wa adabu.

Sasa alikuwa ameletewa boksi la biskuti na barua ya shukrani: kwa ridhaa ya mtaa, kihekalu kitashushwa kesho, kilele kikatwe.

Alimkimbilia jirani huyo, kinyozi Aramaki, mwenyekiti wa mtaa.

"Nirudishie muhuri wangu!"

"Nikukwangulie wino, Mzee?"

"Sikusoma!"

"Kwani nani alisoma? Tuliona muhuri wa mtunza hekalu, tukasema mwenyewe karidhika. Nyumba arobaini na moja, zote nyuma yako."

"Mngeniuliza!"

"Tukuaibishe, mtu mzima?"

"Nitaandika barua ya kupinga."

"Andika. Itapitishwa kwenye ubao, mwezi ujao."

Mke wa kinyozi akachungulia kutoka jikoni. "Figili zako zilikuwa tamu, Mzee."

Asubuhi Tokuji alipanda mlimani. Wafanyakazi walivua kofia, wakainama mara mbili, wakapiga makofi mawili, wakainama tena, kisha wakakipakia kihekalu kwenye lori. Msimamizi akampa kitabu cha kurasa sitini.

"Gonga hapa tu, Mzee, kwamba umekipokea kihekalu. Bila muhuri hatuwezi kulipua."

Muhuri ulikuwa tayari mkononi. Tokuji akaurudisha mfukoni, akavaa miwani, akakaa palepale kihekalu kilipotoka, akaanza kusoma kwa sauti, tangu jina la mpiga chapa.

Wakasimama wakimsubiri, kofia mkononi. Saa tano u nusu ikapita kimya. Kule chini Tokuji aliwaona akina mama wakitoka milangoni mmoja mmoja, miiko mkononi, wakiutazama mlima.