Kucha ya Sungura wa Milembe

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo ningefurahi kama ningeisahau, lakini naikumbuka. Naiandika humu kwenye daftari kwa sababu umeanza kufuga sungura, na nimeona mikono yako ina haraka kama yangu ya zamani. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo ukikuta nimerukaruka, nivumilie. Pia sina hakika na kila kitu. Mimi nasema ilikuwa asubuhi, Milembe anasema jua lilikuwa limeshapinda. Huenda yeye ndiye yuko sawa, maana siku ile yeye ndiye aliyekuwa anaangalia vizuri.

Ilikuwa miaka ya tisini, tunakaa Ilembo, hapo Mpanda. Wazee wetu walishuka huku na ng'ombe kutoka Usukumani, na mimi nilikuwa kijana niliyeoa karibuni, najiona najua mifugo kuliko watu wote wa Mpanda. Milembe, mke wangu, alikuwa ameshapoteza mimba mbili. Nyumba ilikuwa kimya sana. Jirani yetu Mama Hadija, mke wa mwenye duka la vitambaa, akamletea sungura mweupe.

"Chukua, mwanangu," alimwambia. "Angalau uwe na wa kumwita."

Milembe akamwita Pamba. Mimi nikacheka. Nilisema, "Sasa ndugu zangu watasema Masanja kashindwa ng'ombe, anachunga panya mwenye masikio."

"Waache waseme," Milembe akajibu. "Panya huyu hanijibu vibaya."

Siku hiyo Pamba alinasa kucha kwenye nyuzi za gunia tulilomtandikia. Akajivuta, kucha ikavunjika karibu kabisa na nyama. Damu kwenye manyoya meupe inatisha, mwanangu. Matone machache tu, unadhani kachinjwa mtu. Nilipoingia uani nilimkuta Milembe ameketi chini, kamviringisha Pamba kwenye kanga, mguu mmoja tu uko nje, na amekibana kile kidole kwa kitambaa.

"Kucha imevunjika," aliniambia polepole. "Usimshtue. Damu inakata hii."

"Inakata wapi, na yote hiyo? Lete hapa."

"Masanja, ngoja kidogo."

"Mimi nimekulia zizini. Utanifundisha wewe?"

Nijitendee haki kidogo: sikuwa na nia mbaya. Baba yangu, ng'ombe wake wa plau alipovunjika pembe, aliizuia damu kwa chuma cha moto, na ng'ombe akapona akalima misimu mingi. Nililiona kwa macho yangu. Baba hakukosea kwa ng'ombe yule. Mimi ndiye niliyechukua dawa ya ng'ombe nikaipeleka kwa sungura.

Nikatia kisu kwenye makaa ya jiko. Nikamchomoa Pamba kwenye kanga, nikambana kama tunavyombana ndama, goti juu, miguu ya nyuma nimeivuta kwa mkono mmoja. Milembe alikuwa anasema, "Mgongo, mgongo, mshike mgongo!" Na hili lazima niliandike, hata kama hakuna ambaye angejua: nilimsikia.

Kisu hakikumgusa. Alipiga teke moja, kwa nguvu ambayo sikudhani sungura anayo, nikasikia mgongo wake umelia kama kijiti kikavu kinachovunjika. Halafu miguu ikalegea mkononi mwangu.

Milembe akamwita Mama Hadija kwa kelele. Alikuja bila viatu. Akampapasa Pamba mgongoni taratibu, kisha akakigeuza kidole na kukitazama. Kilikuwa kikavu.

"Masanja," akaniuliza, "damu ilikuwa imeshakata. Ulikuwa unatibu nini?"

Nimejaribu kumjibu miaka yote hii, na kila jibu naliona la uongo. Nadhani nilikuwa natibu aibu ya kumkuta mwanamke ameshafanya kazi ambayo nilijiona ni yangu. Lakini pengine najihukumu zaidi ya ilivyokuwa. Sijui.

Pamba hakula tena. Alijikokota kwa miguu ya mbele, na kesho yake akafa. Milembe alimzika mwenyewe penye mihogo. Hakunitukana hata neno moja. Afadhali angenitukana.

Sasa sikiliza kilichofuata. Miaka kadhaa baadaye tulihamia Sibwesa kulima. Milembe akajikata mguu kwa jembe, akaufunga kwa kitambaa, akanyamaza. Alivaa kanga ndefu, akawa analala ameugeukia ukuta. Mimi nilijua kwa harufu tu, siku ya nne au ya tano. Hospitali walimkata vidole viwili.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia, Milembe?"

"Niliogopa ungekuja na kisu," akasema. Alisema kawaida tu, hakuwa na hasira.

Kwa hiyo, mwanangu, nakuachia kile ambacho Mama Hadija alinifundisha nimeshachelewa. Sungura akivunjika kucha, tulia kwanza wewe. Mviringishe kwenye kanga, mgongo wote umeegemea mwili wako, miguu ya nyuma usiivute hata siku moja. Kidole kibane kwa kitambaa safi dakika kumi, usichungulie chungulie. Damu ikikataa, weka unga wa ngano kidogo, ubane tena. Dawa za moto hapana, dawa ya kuogeshea ng'ombe hapana, maana atailamba. Mtandikie nguo safi isiyo na nyuzi za kunasa, na umwangalie siku zinazofuata. Damu isipokoma, au kucha imeng'oka yote, au mguu unavimba, mpeleke kwa bwana mifugo.

Na kabla ya yote hayo, ukimkuta mtu ameshamshika mgonjwa, muulize amefanya nini na amefikia wapi. Mwamini. Hata kama ni mkeo, hata kama wewe umezaliwa zizini. Mimi kuuliza swali dogo kama hilo kulinishinda.

Milembe anapita uani sasa hivi, nasikia anavyochechemea. Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya. Amesema, "Andika, ila uandike na ile ya kwamba ulinisikia." Nimeiandika.

Mungu akupe mikono mitulivu, mwanangu. Akujalie nyumba ambayo mwenye kidonda ndani yake atakuonyesha wewe kwanza.