Ukuta wa Bi Mwanatumu

Iko siku moja ya ujana wangu ambayo naikumbuka hata nisipotaka, mwanangu, na wala si siku ya harusi yangu. Ni siku aliyorudi mavyaa wangu, mama wa mume wangu, kutoka Msambweni, akaingia ndani ya nyumba yake mwenyewe hapa Likoni, akauliza kwa sauti ndogo: "Hapa kwa nani?"

Nitakueleza. Niache kwanza nikae vizuri, maana mgongo huu siku hizi hauna adabu. Nyinyi vijana mmekuwa mkinijia, kila mmoja na simu yake, mkinionyesha nyumba iliyopakwa rangi hivi, dari iliyofanywa vile, ukuta mbovu uliobandikwa karatasi za maua ukawa kama wa hotelini. Mnaniuliza, "Bibi, na sisi tunaweza?" Mnaweza, nani amewazuia? Mimi mwenyewe nimeziba bati linalovuja kwa kitambaa na lami, nimepaka chokaa hadi macho yakaniwasha, na bawaba za mlango nimezibadilisha mume wangu akiwa kazini. Sina ugomvi na mtu anayetengeneza nyumba kwa mikono yake. Nimechoka tu kuona kazi inaanzwa kwa mwisho wake. Rangi inachaguliwa kwanza, na anayeishi mle ndani ataulizwa baadaye, kama ataulizwa.

Nyumba yetu ilikuwa ya fito na udongo, nyumba ya Kiswahili kama zilivyokuwa nyingi huku kwetu: mlango wa mbele, ukumbi mrefu uliokwenda moja kwa moja hadi uani, na vyumba huku na huku. Chumba cha kwanza kulia kilikuwa cha mavyaa wangu, Bi Mwanatumu. Kilichofuata kilikuwa changu na mume wangu Bakari, mwanawe. Vilivyobaki walikaa wapangaji. Choo na pipa la maji vilikuwa uani, kwa hiyo kila mtu lazima apite ukumbini, usiku na mchana.

Bakari alikuwa kibarua bandarini, na alikuwa mtu asiyeweza kuona kitu kimelegea akakiacha. Akikaribishwa chai kwa watu, utamwona anatikisa mguu wa meza kuona kama umekaza. Mamake alimpenda mno. Basi Ramadhani moja Bi Mwanatumu aliitwa Msambweni na bintiye aliyekuwa amejifungua. Alipoondoka tu, Bakari akasimama katikati ya ukumbi, mikono kiunoni, akasema, "Nataka mama akirudi kwa Idd asiijue nyumba yake."

Nilicheka. Nilikuwa bi harusi bado, na mimi pia nilitaka nyumba ya kuonyesha watu.

Tulifanya kazi kila alasiri, midomo mikavu kwa saumu. Mimi nilichekecha mchanga na kuteka maji, yeye alichanganya. Na usidhani tulilipua. Mchanga wa ufukweni Bakari hakuutaka, ijapokuwa ulikuwa karibu na ni wa bure, kwa sababu una chumvi, na chumvi haitulii ukutani. Itatoka tu, iimenye lipu. Tena alijua kuwa saruji haishiki juu ya udongo laini, kwa hiyo alichukua kishoka akautindua ukuta wote, tundu kwa tundu, ndipo akapiga lipu juu yake. Akalisawazisha kwa ubao hadi ukipitisha kiganja hakikwazwi na kitu. Chini tukapaka rangi ya mafuta ya kijani, juu rangi ya maziwa. Palikuwa na kidaraja kidogo cha kukanyagia kabla ya uani, Bakari akakimwagia saruji, sakafu ikawa sawa yote. Mlango wa mama, uliokuwa ukikwaruza chini, akaukata kidogo ukawa haulii tena. Wapangaji walitoka vyumbani wakausifu ukumbi, na wallahi ulistahili kusifiwa.

Mkesha wa Idd kabla ya magharibi, gari likamshusha Bi Mwanatumu mlangoni. Majirani walikuwa wameambiwa. Vigelegele vilipigwa. Alivuka kizingiti, akanyoosha mkono wake wa kulia kuugusa ukuta kama alivyozoea, na mkono ukateleza. Akasimama. Akaugusa tena, juu kidogo, kisha chini. Ndipo akauliza, "Hapa kwa nani?"

Watu waliangua kicheko. Bakari alifurahi mno, maana ndiyo maneno hasa aliyokuwa akiyangoja. "Ni kwako, mama!" akasema. Mamake akatabasamu, akasema, "Ahsante, mwanangu, Mungu akulipe." Kisha akaomba kiti, akakaa palepale mlangoni. Hakwenda mbele kuona zaidi. Nilidhani safari imemchosha.

Idd ikapita. Nikaanza kuona mambo. Bi Mwanatumu, ambaye alikuwa akiamka kabla yetu na kujitekea maji ya udhu mwenyewe, sasa alikuwa hatoki chumbani mpaka asikie mtu ukumbini. Akisikia, ataita, "Nani huyo? Nishike mkono, miguu imelala." Siku nzima miguu imelala. Chai alikunywa nusu kikombe. Maji nilimpelekea nikayakuta yamejaa vilevile. Nikimwambia anywe, husema, "Yaache, nitakunywa." Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba alikuwa akijinyima maji ili asihitaji kwenda choo, asimsumbue mtu. Mwanangu, hilo hata leo nikilisema linaniuma.

Halafu likaja la kuja. Adhuhuri moja mimi nilikuwa sokoni. Aliita, hakuitikiwa, akaona ajaribu mwenyewe. Alitembea ukumbini mkono ukutani, akihesabu milango kwa kubahatisha, akafungua mlango wa mpangaji, kijana wa bara aliyekuwa akifanya kazi Changamwe, naye yumo anavaa. Kijana akapiga yowe. Bi Mwanatumu akarudi nyuma akagonga ukuta wa upande wa pili, akakaa chini palepale, akajifunika uso kwa leso. Nilipofika na kikapu changu nilimkuta bado yuko chini, yule kijana amesimama kando amevaa shati kinyume, anasema, "Pole, mama, si neno, pole."

Nilimwinua nikampeleka chumbani kwake. Nikamuuliza, "Mama, huoni?"

"Sioni," akasema. "Siku nyingi sioni. Naona mwanga wa mlango tu."

"Mbona hukutuambia?"

"Ningewaambia mngenikalisha kitako kama mgonjwa. Mimi nilikuwa naenda zangu. Ukuta ulikuwa unanipeleka."

Nilikaa chini miguuni pake, nikamsikiliza. Akanieleza kwamba nyumba ile ilikandikwa na wanawake wa kwao alipokuwa mwari wa juzijuzi, kama nilivyokuwa mimi wakati ule. Kila mmoja alichukua kipande chake cha ukuta, akautia udongo baina ya fito na kuukandamiza kwa mikono. Ule wa nje ulisiribwa ukawa laini, lakini ukumbini waliuacha vile, na udongo ulipokauka ukabaki na vidole vyao. Kwenye mlango wake palikuwa na vidole vya dadake Mwanasha, ambaye kidole chake cha shahada kilikatika kwa panga akiwa mtoto. Akigusa kile kidole kifupi anajua yuko kwake. Mbele palikuwa na mkono wa shangazi mmoja aliyebandika udongo kwa kofi, hapo ndipo mlango wetu. Halafu jiwe lililotokeza, halafu kidaraja, halafu uani. Hata ule mlango uliokuwa ukikwaruza, alisema, ulikuwa ukimwambia kama upo wazi.

"Mwanasha amekufa miaka mingi," akasema. "Mimi kila asubuhi nilikuwa nikimwamkia pale. Sasa mmempaka rangi."

Hakupandisha sauti. Afadhali angegomba, ningejua la kujibu. Nilisema, "Tulitaka ufurahi, mama."

"Najua. Nimefurahi kwa ajili yenu. Lakini hii nyumba mliitengeneza kwa macho yenu, na anayepita humu ni mimi. Hata kuniuliza, 'Mama, wewe unapitia wapi?' Neno moja tu, mwanangu. Lingewagharimu nini?"

Bakari aliporudi jioni nilimweleza. Alichukua nyundo na patasi akaenda mlangoni kwa mamake, akabandua kipande cha lipu taratibu, akitumaini kwamba chini yake atakuta vile vidole. Akakuta matundu ya kishoka chake mwenyewe, na udongo uliobaki ukamwagika miguuni kama unga. Alikuwa ameutindua vizuri mno. Mume wangu alikuwa mtu wa kucheka, lakini jioni ile alikaa juu ya ndoo ya rangi akalia.

Macho tulikwenda kuyaangalia hospitali. Wakatuambia maradhi yake si ya kufanyiwa upasuaji, na kilichokwisha kupotea hakirudi.

Kilichobaki kilikuwa ukuta. Bakari, kwa kumuuliza mamake safari hii, alikata ukanda mrefu katika lipu, kwenye usawa wa mkono wake, kuanzia mlango wa mbele hadi uani. Akagongomelea fito ndani yake. Mimi nikawaita majirani na wanawake wa wapangaji, tukakanyaga udongo uani, tukaja kukandika ukanda ule kwa mikono, kila mmoja mahali pake, na kidaraja tukakirudisha. Ulikuwa ukanda wa ajabu kuonekana, wa udongo mwekundu katikati ya kijani na rangi ya maziwa. Wageni walikuwa wakiuliza kama kazi imewashinda watu njiani.

Ulipokauka, Bi Mwanatumu alipita nao akijifunza. Tulimfuata nyuma. "Huyu ni nani, mwenye pete?" Jirani akaitika, "Abee, ni mimi." "Na huyu mwenye viganja vinene?" Kicheko. Alipofika mlangoni kwake, mahali nilipojitolea kukandika mimi, akapapasa, akarudi, akapapasa tena. "Na huyu mwenye haraka?"

"Ni mimi, mama."

"Rudia," akasema.

Nikaukwangua nikarudia, yeye amesimama ameuweka mkono wake juu ya mkono wangu, akinizuia kila nilipotaka kumaliza upesi. Siku alipokwenda uani peke yake na kurudi, aliniita akaniambia nimletee maji, na kikombe kijae.

Aliishi miaka kadhaa akipita nao. Lakini kile kidole kifupi hakikurudi, na hatukuweza kukitengeneza. Mara kwa mara nilikuwa nikimwona akifika mlangoni anasimama kidogo, anaupandisha mkono juu ya ukanda wangu hadi kwenye lipu, mahali alipokuwa Mwanasha, anagusa, kisha anaingia ndani. Hakulalamika tena hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa nikiona, na kuona kwenyewe kulinichosha kuliko kazi zote nilizowahi kufanya katika nyumba ile.

Basi, mwanangu, umeniuliza habari ya kutengeneza nyumba ya wazee wako kwa gharama ndogo. Chekecha mchanga wako, na usichukue wa ufukweni. Ziba paa kabla hujagusa ukuta, maana ukuta unaolowa hauna rangi itakayoutosha. Mbao za zamani usizitupe kabla hujazikwangua, nyingi ni nzima ndani. Hayo hata simu itakwambia. Lisilosemwa na simu ni hili: kabla hujachanganya chochote, mwambie mama akutembeze ndani ya nyumba yake, asubuhi anapoamka hadi anapolala. Tazama anashika wapi, anakanyaga wapi, anasimama wapi bila sababu unayoijua. Pale anaposimama, usiguse mpaka umemuuliza. Akikwambia ni upuuzi tu, muulize tena, kwa sababu wazee tunaficha. Na kitu kikibidi kivunjwe, mwache akiguse kwanza, ajue kwamba kinakwenda.

Sasa nimechoka, na maneno yangu yamekwisha. Mungu akupe mikono mizuri, mwanangu, na akuondolee haraka ndani yake. Akupe nyumba isiyovuja, na watu ndani yake wanaokunywa maji washibe bila kumwogopa mtu. Na siku nuru ya macho yako itakapopungua, inshallah uwe na mtoto atakayekushika mkono akuulize unapitia wapi. Amina.