Tela la Mama Mkwe

Mume wangu ni mtu wa Kipili, na mtu wa ziwani ukimpa mbao atakuundia mtumbwi hata kama umemwomba meza. Nalisema hili kwa hasira, najua, na waliotuzoea hapa Sumbawanga wameshachoka kunisikia. Wachoke tu.

Mama yangu alikuwa na shamba upande wa Msanzi, mahindi na ulezi, na tangu baba afariki hakukubali kulilima kwa simu kama wafanyavyo watu wa mjini. Mvua zikianza anahamia huko, analala kwenye kibanda cha nyasi na kufukuza nyani mpaka mazao yakomae. Msimu mmoja kibanda kilimvujia, akapata nimonia. Alitoka hospitali amebaki mifupa na kikohozi. Daktari alinivuta pembeni akaniambia kifua kile hakitastahimili kuloa tena. Nikamsihi mama ahamie kwangu. Akasema kwangu ni kwa mkwe wake, na yeye hawezi kuzeekea mahali asipoweza hata kujikuna kwa raha.

Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana mpaka inachosha. Hawali pamoja, hawapeani mkono, wakikutana njiani mmoja anapisha. Mahali anapolala mama mkwe, mkwe wa kiume haingii, hata pakiwaka moto. Mume wangu alipokuja kuposa aliambiwa haya, akayashika kuliko sisi tuliozaliwa nayo. Miaka yote ya ndoa yetu maneno yao yamepita kinywani mwangu, mwambie mama hivi, mwambie mkwe wangu vile. Mimi nilikuwa bomba lao.

Basi yeye ndiye aliyetoa wazo. Alipata tela kuukuu la pawatila, ile trekta ndogo ya kushika kwa mikono, injini yake ilishakufa zamani, akasema atajenga kijumba cha mbao juu yake. Mvua zikianza trekta inakivuta mpaka shambani, baada ya mavuno kinarudi. Mama atakuwa na kambi yake, mlango wake, na hatalala chini ya nyasi. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilimpikia kuku siku hiyo.

Alikijenga uani kwetu wakati wa kiangazi, na alikiziba kama wanavyoziba mitumbwi kwao. Pamba aliiloweka kwenye mafuta ya mawese, akaishindilia kwenye kila mwanya kwa patasi butu na nyundo, kisha akapaka lami ya moto juu yake. Sakafu, kuta, paa, kote hivyo hivyo. Mlangoni aliweka kizingiti kirefu, karibu na goti, ili mvua ya upepo isiingie. Nikamwambia, baba, toboa basi katundu pale kwenye kona, mama akimwaga maji yatokee wapi? Aliniangalia kama nimemtukania ukoo.

"Chombo hakitobolewi chini," alisema.

Nikacheka. Nikamwambia hiki hakiendi Kigoma. Hakucheka. Alijaza maji ndani, ndoo baada ya ndoo, akayaacha yalale humo. Asubuhi alipiga magoti akachungulia chini ya sakafu: pakavu. Majirani waliitwa kuja kuona, kila mmoja akapewa soda. Sijawahi kumwona mwanamume akijisikia vile kwa sababu ya ubao.

Mama alikuja akapendezwa, akaleta godoro, blanketi zake na sanduku, akapanga ndani. Tangu hapo hicho kilikuwa chumba chake cha kulala, na mume wangu hakukanyaga tena. Tela likabaki uani likisubiri mvua. Lakini mbao za mtumbwi hukaa majini, zinakunywa, zinavimba, zinabana pamba. Za kwetu zilikaa juani, kwenye ule upepo wa Ufipa unaopasua midomo ya watu. Zikakauka na kujikunja, lami ikapasuka juu ya paa. Nani angeona? Fundi alikuwa haruhusiwi kuingia, na aliyeruhusiwa hakuwa fundi.

Mvua za kwanza zilipoanza, trekta ikalivuta. Kila nilipokwenda kumtembelea mama alinikaribisha nje, jikoni kwake chini ya turubai. Nilipotaka kuingia ndani alisema kuna vumbi, kuna fujo, kaa hapa mwanangu moto uko huku. Nilimuuliza kila safari kama panavuja. Alisema mkwe wake ana mikono ya baraka.

Halafu ikaja ile mvua ya mchana kutwa, mvua ya mawe, ambayo hata mjini iling'oa mabati. Nikapiga simu. Nilisikia kishindo cha mvua nyuma ya sauti yake.

"Mama, hapavuji?"

"Hata tone. Mwambie mkwe wangu nimelala pakavu."

Nikamwambia. Uso wake ulichanua, masikini.

Mimi sikutulia, lakini barabara ilikuwa tope tupu, tukaweza kufika asubuhi yake tu, kwa pikipiki. Mume wangu alibaki kwenye mahindi, mbali na mlango, kama ilivyo ada. Mimi nikafungua. Hakuna maji yaliyotoka. Yalikuwa yamesimama ndani, chini kidogo ya kizingiti, kwa sababu ile sakafu haikupitisha hata tone, kweli kabisa. Mama alikuwa amekaa juu ya godoro lililoloa chapachapa, ameshika kikombe. Alikuwa anachota maji na kuyamwaga nje kwa dirisha dogo, polepole, midomo imekuwa ya bluu. Sijui alianza saa ngapi.

Nikapiga kelele nikimwita mume wangu aje anisaidie kumbeba. Alikuja mbio mpaka mlangoni, akasimama. Mguu mmoja ulinyanyuka ukarudi chini. Na mama yangu, aliyekuwa hawezi hata kuongea kwa kutetemeka, alivuta kitenge kilicholowa akajifunika kichwa kwa heshima. Nilimbeba mwenyewe mgongoni. Alikuwa mwepesi, na baridi yake ilipenya mpaka kwenye mbavu zangu.

Hakumaliza wiki hospitalini. Msibani shangazi mmoja alitikisa kichwa akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilitoka nje, maana ningemjibu vibaya.

Tulipomaliza arobaini tulikwenda kulichukua tela. Nilitoa godoro na sanduku, nikamwambia mume wangu aingie, sasa si chumba cha mtu. Akavua viatu kwanza. Alisimama humo, mvua zilizofuata zimeacha maji mengine sakafuni, yakimfika juu ya vifundo vya miguu. Nikachungulia. Alikuwa ameinua uso darini. Kwenye kila mwanya wa paa kulikuwa na kitambaa, vipande vyembamba vilivyochanwa kwa mkono na kushindiliwa vizuri, vikavu juu na vyeusi chini, vipya juu ya vya zamani. Kilikuwa kile kitenge ambacho mume wangu alimpa mama zawadi kupitia kwangu siku tela lilipokamilika, kitenge cha kijani chenye maua. Nilidhani mama anakiweka akiba kwa ajili ya kanisani.

Alichomoa kipande kimoja, akakikunjua kiganjani.

"Kwa nini hakusema?"

"Angesema, ungeingia?"

Alikitia kile kipande mfukoni, akaniomba nimpe keekee iliyokuwa kwenye mfuko wa pikipiki. Alipiga magoti ndani ya maji, pale pale kwenye kona niliyomwonyesha kiangazi, akaanza kutoboa. Ubao ulikuwa mgumu. Ulipotoboka maji yalianza kutoka, yakashuka kwenye mahindi ya mama, na tulisimama tukayatazama mpaka yakaisha yote.